Shimo Lililofichwa na Namba

Mwanangu Zuhura,

Saa hizi uko Masasi kwa shangazi yako, na kwa ninavyomjua wifi yangu, umeshakula mara mbili na bado hajakuruhusu kunyanyuka. Baba yako yuko shambani Mnyambe. Amesema anakwenda kupalilia, lakini jembe ameliacha nyuma ya mlango. Mwache. Kila mtu ana namna yake ya kuaga, na yangu ndiyo hii: nimefunga duka mchana kweupe, nimesogeza simu za watu pembeni, nimekaa kwenye meza ya kazi na kalamu. Mteja mmoja amegonga dirisha, nikamwonyesha karatasi, akaelewa, akaenda zake. Newala nzima inajua kwamba unaondoka kesho.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za kula kwa wakati, wala za kufunga mlango vizuri. Shangazi yako anakuambia hayo sasa hivi, na ukirudi jioni jirani atayarudia. Mimi nataka kuandika yale ambayo mdomo wangu ulishindwa, na mengi yake ni makosa yangu. Umekua ukiniona nimeinamia bodi za simu, wanaume wazima wamekaa kwenye benchi wakisubiri mwanamke awape jibu. Mtoto akiona hivyo anadhani mama yake anajua. Nataka uende Ujerumani ukijua nilivyokuwa sijui.

Kazi hii niliianza Masasi, kwa marehemu mjomba wako Hamisi, aliyekuwa fundi redio. Nilikuwa nimeishia kidato cha pili, nikapelekwa kwake kusaidia kulea watoto, si kushika bisibisi. Lakini kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa nyumba, na mimi nilikuwa napita hapo na ndoo za maji. Kila nikipita, nasimama. Siku moja akanikuta nimesimama, akasema, "Wewe, kama unataka kuona, weka ndoo chini." Nikaiweka. Sikuinyanyua tena mpaka jua lilipoegemea, na mkewe alinigombeza mpaka akachoka.

Mjomba wako alinifundisha kusoma saketi, kushika solda bila kutetemeka, kumsikiliza mteja kabla ya kufungua chombo chake. Kitu kimoja hakunifundisha, kwa sababu yeye alikuwa nacho tangu kuzaliwa na alidhani kila mtu anacho. Nacho ni kusema "nimeharibu."

Unamkumbuka Mwalimu Agnes wa Kitangari. Wewe ulikuwa darasa la nne alipoleta simu yake iliyoingia maji. Mumewe alikuwa amefariki miezi michache kabla, na ndani ya simu ile mlikuwa na sauti yake. Alikuwa amejirekodi siku moja akiimba wimbo wa kanisani, huku anacheka katikati kwa sababu amesahau maneno. Mwalimu aliniambia, "Mama Zuhura, simu si kitu. Nataka ile sauti tu." Nikamwambia arudi Ijumaa.

Zuhura, simu ile ilikuwa inapona. Hilo sikuwahi kumwambia mtu. Niliisafisha, nikaikausha, ikaanza kuonyesha dalili. Nikaona mguu mmoja wa aisii, ile chipu nyeusi ya kwenye bodi, umeachia, nikawasha mashine ya upepo wa moto niurudishie. Hapo hapo akaja mtu mlangoni kubishana nami kuhusu chaji yake, nami nikambishia, mkono bado umeshika moto juu ya bodi. Nilipogeuka niliona moshi. Sehemu inayotunza kumbukumbu ilikuwa imeungua, na ile sauti imekwenda nayo.

Ijumaa Mwalimu Agnes alipokuja, nilimtazama usoni nikasema, "Mwalimu, pole sana. Ilikuja imekufa."

Akasema, "Basi, Mungu ndiye anayejua." Akaichukua simu, akaifunga kwenye kitambaa kama mtu anavyofunga yai, akaondoka.

Miaka iliyofuata kila tukikutana sokoni yeye ndiye aliyeanza kunisalimu. Angenitukana ningelala usingizi.

Nimeanza na hilo kwa sababu bila hilo hutaelewa kwa nini, siku ile kubwa ya maisha yako, nilikupa ushauri mbaya kuliko wote niliowahi kumpa mtu.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na kosa jingine dogo, nalo nalisema haraka kwa sababu linanichekesha. Ulipomaliza kidato cha sita nilitaka usomee uuguzi. Nilisema mengi: uuguzi una ajira, uuguzi una heshima, mwanamke kwenye mambo ya umeme anasumbuliwa, mimi najua, nimesumbuliwa. Nilisema siku mbili mfululizo. Baba yako alikuwa anamenya ming'oko ya kuchemsha, hajafungua mdomo tangu nilipoanza. Mwisho akauliza bila kunyanyua macho, "Mama Zuhura, wewe nani alikuruhusu?" Kesho yake nikakununulia begi la chuo.

Sababu yako ya kuchagua mambo ya umeme niliijua, ingawa nilijifanya siijui. Ulikuwepo msimu ule Bibi Somoe, jirani yetu wa shamba, alipopeleka magunia yake kwenye ghala moja yakarudishwa. Kipimo kilisema korosho ni mbichi, zina unyevu. Bibi Somoe ameanika korosho tangu kabla sijazaliwa. Anaweka nne kwenye kiganja, anazitikisa sikioni, anakuambia zimekauka au bado. Siku ile alisimama mbele ya kijana mwenye kipimo akamwambia, "Mwanangu, hizi zimekauka." Kijana akamjibu kwa adabu kwamba mashine ndiyo inayosema. Zikarudi. Akazianika tena, na mvua ikazikuta nje. Uliporudi nyumbani siku hiyo hukula. Uliniuliza swali moja, "Mama, mashine ikiwa imechoka nani anaiambia?" Mimi nikasema hakuna. Wewe ukaenda chuo kikuu na swali hilo begani.

Ndiyo maana mwaka wako wa mwisho, wewe na wenzako wanne mlipoamua kuchora chipu ya kipimo cha unyevu wa korosho, sikushangaa. Nilishangaa tu kwamba inawezekana. Mimi aisii nazitoa na kuzirudishia kila siku, ila sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anakaa mahali anaichora ndani yake. Kwangu aisii ilikuwa kama mbegu, unaikuta imeshakuwa.

Wewe ndiye uliyenieleza, ukiwa umekaa hapa hapa likizo ile ya mwisho, kompyuta ya chuo juu ya meza yangu kwa sababu hapa dukani ndipo penye umeme na mtandao wa uhakika. Ulisema, "Mama, ndani ya chipu ni kama ghorofa. Kuna matabaka ya nyaya, moja juu ya jingine, membamba kuliko unywele uliopasuliwa mara nyingi. Umeme unaingia juu, unashuka tabaka hadi tabaka kupitia vitundu vilivyojazwa chuma, mpaka uwafikie wafanyakazi walio chini kabisa." Nikakuuliza kazi yako wewe ni ipi. Ukasema, "Mimi nimechora njia za umeme. Nahakikisha kila mfanyakazi anapata chakula chake." Nikafurahi sana. Nikawaza, hata huko amekwenda kugawa chakula.

Zilikuwa zimebaki wiki chache michoro itumwe kiwandani, nje ya nchi. Mlikuwa mmepewa nafasi moja kwenye mzigo mmoja wa michoro ya watu wengi. Ukichelewa, mzigo unaondoka bila wewe. Msimamizi wenu, Dokta Nambunga, alikuwa ameshasema kazi imekamilika. Programu ya ukaguzi ilikuwa imetoa ripoti, kila eneo wastani wake mzuri, hakuna onyo hata moja. Ila wewe hukutulia. Ulikuwa unashuka na kupanda kwenye safu za namba, namba tupu, umeme kiasi gani umefika mahali gani, mstari juu ya mstari, mpaka macho yakawa mekundu.

Asubuhi moja nilikuwa na simu yenye shoti. Nikafanya kama ninavyofanya siku zote, nikapaka spiriti bodi nzima kwa mswaki, nikaipa umeme, nikatulia kuangalia. Penye shoti hupata joto, na spiriti hukauka hapo kwanza. Umeniona nikifanya hivyo tangu ukiwa na meno ya utoto. Lakini siku ile uliacha kompyuta, ukasogea, ukatazama kama mgeni.

Ukasema, "Mama, wewe huipimi kipande kimoja kimoja."

Nikasema, "Nikipima kipande kimoja kimoja nitamaliza lini? Naiangalia yote, yenyewe inanionyesha."

Ulirudi kwenye kompyuta, na kwa siku tatu hukusema neno la maana na mtu yeyote. Ulikuwa unaandika programu yako mwenyewe ya kugeuza zile namba kuwa picha.

Siku ya nne uliniita. Picha yenyewe bado naiona. Haikuwa picha ya kubandika ukutani, ilikuwa na urefu, upana na kina, na uliweza kuigeuza kwa kidole, kuiona kwa juu, kwa ubavu, hata kuingia katikati ya matabaka na kutazama juu kama mtu aliye chini ya sakafu. Kila mahali penye umeme wa kutosha palikuwa pameinuka na rangi ya kijani. Penye upungufu paliinama na kuelekea wekundu. Chipu yenu nzima ilikuwa imelala mbele yetu kama uwanda huu wetu, tambarare, kijani, inapendeza. Ukaigeuza polepole.

Mimi ndiye niliyeona kwanza, na nimejivunia hilo kwa kila mtu anayenisikiliza. Kwenye kona moja ardhi ilikatika ghafla. Unajua ukitembea kutoka sokoni kwenda ukingoni, ardhi imekaa sawa tu, mara inaishia miguuni pako na bonde lote la Ruvuma liko chini. Ilikuwa hivyo hivyo.

Nikasema kwa jina la pale ukingoni, "Zuhura, hapo pana Shimo la Mungu."

Ulicheka. Kisha ukasogeza picha karibu, kicheko kikaisha. Ulizungusha, ukaingia chini ya tabaka, ukatoka.

Nikauliza, "Hapo alichora nani?"

Ukasema, "Mimi."

Ukanieleza kwa sauti ya mtu anayesimulia ajali. Vitundu vya kushusha umeme kati ya matabaka mawili havikuwepo kwenye kona ile. Miezi ya nyuma, ulipokuwa hujamaliza sehemu hiyo, programu ya ukaguzi ilikuwa inakupigia kelele za maonyo kila saa, ukaiambia inyamaze kwa kona hiyo tu, ukimaliza utaifungua. Ukaenda kwenye mtihani, ukarudi, ukasahau vyote viwili. Kwenye wastani wa eneo zima kona ile ilimezwa na jirani zake. Namba zilikuwa sahihi, na zilikuwa zimelificha shimo.

Nikauliza, "Litaharibu nini?"

"Kipimo kitawaka vizuri. Kitapima vizuri. Ila kikishika joto la mchana, ile sehemu inayosoma unyevu itakosa nguvu, na kitasoma korosho kavu kama mbichi."

Sasa sikiliza nilichosema, maana nataka kikae kwenye karatasi. Nilisimama, nikafunga mlango wa duka, nikasema, "Nyamaza. Kazi imeshapitishwa. Ukisema, watasema wewe ndiye uliyewaangusha wote, na cheti chako kitakuwa mashakani. Kipimo hakijawa hata kipimo. Kikija kuharibika mbele ya safari, utasema kilikuja kibovu kutoka kiwandani."

Nilijisikia nikisema hivyo. Kilikuja kibovu. Karibu maneno yale yale, Zuhura, niliyomwambia Mwalimu Agnes, yametoka yenyewe, yamekaa mdomoni miaka yote yakisubiri mtu wa kurithi. Na nilikuwa nataka kukurithisha wewe.

Hukugombana nami. Ulisema tu, "Mama, nitamwambia nini Bibi Somoe?" Ukachukua simu, ukampigia Dokta Nambunga, ukaiweka mezani kwa sauti kubwa.

Alipokea mwenzako Goodluck, aliyekuwa na Dokta maabara. Ukasema, "Kuna kosa kwenye umeme, kona ya kusoma unyevu. Ni langu. Nilizima maonyo nikasahau kuyarudisha." Goodluck akasema, "Zuhura, umetumaliza." Nikashika ukingo wa meza. Nikasikia kiti kinavutwa, Dokta akachukua simu. Akauliza, "Umelijuaje? Ripoti ni safi." Ukasema, "Nimelichora, Dokta. Nimezigeuza namba zote kuwa picha ya pande tatu." Akasema, "Nitumie."

Tulikaa. Nadhani ni muda mfupi, ila mimi niliuona ni kiangazi kizima. Simu ilipolia tena, Dokta alisema maneno machache tu: "Nimeliona. Mtu yeyote angeliona. Tuna siku tisa. Panda gari uje, na hiyo programu yako njoo nayo."

Uliondoka na gari la asubuhi iliyofuata. Na mimi nilipanda gari la Kitangari.

Hujui hili. Nilimkuta Mwalimu Agnes nyumbani kwake anasahihisha madaftari. Akanikaribisha, akataka kunipa maji, nikamwambia aache kwanza. Nikamwambia yote: ilikuwa inapona, nikaiunguza, nikasema uongo. Nilidhani atalia, au atanisamehe, maana ndivyo tunavyosimuliana. Hakufanya hata kimoja. Aliweka kalamu yake chini sawasawa na ukingo wa daftari, akasema, "Mama Zuhura, nenda. Sitaki kukuona leo." Nikatoka. Nikarudi Newala nimesimama njia nzima, na nakwambia kweli, mwili ulikuwa mwepesi kama wa mgonjwa aliyeachwa na homa. Sikuwa nimesamehewa, lakini sikuwa na kitu cha kuficha tena. Ni vitu viwili tofauti, nami nilikuwa nimevichanganya miaka yote hiyo. Niliogopa kusema kwa sababu nilidhani faida pekee ya kusema ni msamaha.

Wiki kama tatu zikapita. Akaja mwanafunzi wake dukani na redio imefungwa kwa kamba, na kikaratasi: "Haishiki stesheni. Tafadhali itengeneze. Agnes." Niliitengeneza redio ile kwa mikono miwili na macho mawili, mlango umefungwa. Bado hatujawa marafiki. Ila anatuma vitu vyake kwangu, na kwa fundi hakuna barua nzuri kuliko hiyo.

Huko kwenu chuoni siku tisa zilikuwa na mambo. Mliziba shimo lako siku mbili za kwanza. Halafu, ulivyonisimulia, mkaamua kuipitisha chipu yote kwenye picha, kila mtu na sehemu yake, na picha ikatoa mashimo mengine mawili. Moja lilikuwa la Goodluck, na kuanzia siku hiyo hakusema tena kwamba umewamaliza. La pili lilikuwa kwenye sehemu aliyoichora Dokta Nambunga mwenyewe. Nakumbuka aliponipigia. Nilidhani nimesikia vibaya.

"Mama Zuhura, habari za Newala? Nimepiga kukuambia kwamba binti yako amenionyesha kosa langu, mbele ya wanafunzi wangu, kwa rangi nyekundu."

Nikasema, "Dokta, naomba umsamehe."

Akacheka mpaka akakohoa. "Nimsamehe? Nimempa kiti changu akae!"

Michoro ikaenda siku ya mwisho ya nafasi yenu, na ikapokelewa. Miezi ikapita, msimu ukapita, nikawa najifanya nimesahau. Mpaka siku ile ya mchana uliponipigia, na kabla sijasema "haloo" nikasikia watu wanapiga kelele nyuma yako kama mpira umeingia golini. Ulikuwa unalia na kucheka pamoja. "Mama, imeamka! Tumeipa umeme mara ya kwanza tu, imeamka! Tumeipasha joto, inasoma sawa! Mama, inasoma sawa!" Nilitoka nje na mswaki wa spiriti mkononi, nikapiga vigelegele barabarani peke yangu. Muuza vitumbua akaacha karai lake akaja kuuliza nani ameolewa. Nikamwambia, "Hakuna aliyeolewa. Mwanangu ametengeneza aisii!" Hakuelewa hata neno, akanisaidia vigelegele.

Halafu Mnyambe. Hiyo nikiisimulia baba yako huwa anatoka nje, ananiachia ukumbi. Ulileta kile kipimo kidogo cha kushika mkononi, uwanjani penye mikeka ya korosho, mchana, jua limesimama kichwani, maana ulitaka joto hasa. Watu walijaa. Ukamkuta Bibi Somoe, ukapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hicho ndicho kitakachobishana na mimi?"

Ukamwambia, "Hapana, bibi. Wewe ndiye utakayekipima."

Ukatenga mafungu sita. Bibi akapita kwenye kila fungu, akatikisa sikioni, akasema: kavu, kavu, mbichi, kavu, mbichi, kavu. Mwalimu wa shule ya hapo Mnyambe akaandika. Kisha ukapita wewe na kipimo, ukasoma kwa sauti. La kwanza, sawa na bibi. La pili, sawa. La tatu, la nne, la tano. Kila fungu watu wanaguna kwa nguvu zaidi. La sita kipimo kikasema mbichi. Watu wote wakakugeukia.

Ungeweza kusema ni wastani, kwamba tano kati ya sita inatosha. Ulisema, "Tupasue." Mkapasua korosho kumi za fungu lile moja baada ya nyingine. Za juu zilikuwa kavu, na za chini, zilizolala kwenye mkeka, zilikuwa na ubichi ndani. Bibi Somoe akaichukua moja, akaibonyeza kwa ukucha, akaiangalia sana. Kisha akaanza kucheka, akakamata mkono wako uliokuwa na kipimo akaunyanyua juu kama wa bondia aliyeshinda. "Kimenishinda moja! Na mimi nimewashinda nyote maisha yangu yote, kwa hiyo mjue kilivyo!" Ngoma zilitoka wapi sijui, hakuna aliyekuwa amezipanga.

Nilisimama pembeni nikawaza jambo moja tu: kama ungenisikiliza mimi, kipimo kile mchana ule kingemwita yule bibi mwongo mara ya pili, na mkono ulioshika mashine ungekuwa wako.

Sasa wameona picha zako hao wa Ujerumani, wamekuita ukafanye kazi hiyo hiyo, kuwaonyesha wachoraji wa chipu kubwa kubwa mashimo ambayo namba zao zinayaficha. Dokta Nambunga ameniambia chipu hizo zina matabaka mengi kuliko yenu na data isiyosomeka na mtu mmoja maishani mwake. Siogopi kwa ajili yako. Kule utakutana na watu wajuzi kuliko wewe, na siku utakapoonyesha wekundu kwenye kazi yao, baadhi watakasirika. Dokta alicheka, si wote watakaocheka. Nawe siku moja utakosea tena, kosa kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu kazi ni kubwa zaidi. Siku hiyo usinipigie mimi kwanza. Mapenzi ya mama ni mabaya kwa mambo hayo. Yatakutafutia pa kujificha. Wapigie wenye kazi, kisha unipigie mimi, nami nitakusikiliza mpaka chaji iishe.

Mtaa umesema watakusindikiza stendi kesho kwa ngoma. Nimewakatalia mara mbili. Leo wamerudi mara ya tatu, na Mwalimu Agnes akiwa mmoja wao, nikawaambia waje, na waje na ngoma zote. Kwa hiyo ukizisikia usiinamishe kichwa, wala usiniombe niwanyamazishe. Panda gari shingo imenyooka, kaa dirishani, waache wakuone.

Nasikia gari la Masasi linaingia. Naiweka barua hii ndani ya begi lako, uisome ukiwa angani, mahali ambapo huwezi kurudi kunibishia.

Ni mimi mama yako, fundi wa Newala, niliyekuambia unyamaze, na ambaye hana furaha kubwa duniani kuliko kwamba hukunitii.